Dawa za maumivu zinatoka kabatini halali, zinafika mtaani haramu. Wana Tanga tuongee

Famasia wa Chumbageni (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu si wa unga. Nyuzi za unga zimejaa humu na kila mtu ana la kusema. Nataka tuongelee mzigo ambao hakuna aliyeuficha popote: umeagizwa kwa kibali, umesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, una namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, umepokewa stoo kwa saini. Halafu baina ya rafu na mgonjwa unapata mwenyewe mwingine. Watu wa DCEA, mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya, wanaliita kundi hili dawa tiba zenye asili ya kulevya. Ninazozikusudia mimi ni tramadoli, pethidini, mofini na zile dawa za kikohozi zenye kodeini. Diazepamu, ile ya kutuliza wasiwasi, si wa ukoo huo wa afyuni, lakini mtaani zinatembea pamoja, na hapo ndipo penye kifo, maana kila moja kwa njia yake inapunguza pumzi.

Nasimama nyuma ya kaunta, kwa hiyo nianzie kaunta. Mwenye maumivu akiingia anakusimulia mwili wake. Anashika kiuno, anasema alidondoka na pikipiki, anauliza kama kuna kitu cha bei ndogo. Mwingine anaanza na miligramu: "Tramado za mia zipo?" Kiuno hakimo kwenye mazungumzo. Ukimwomba cheti anatoa simu, kuna picha ya cheti cha zamani, na ukiikuza unauona muhuri wa famasi nyingine iliyokwisha kumhudumia. Nikikataa hagombi. Anaaga vizuri tu na kuondoka, kwa sababu anajua pa kwenda.

Kisheria tramadoli ni ya cheti, na duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuiuza kabisa. Lakini mmewahi kuona zinavyouzwa vichochoroni? Viwili viwili, vimekatwa kwa mkasi, hakuna boksi wala karatasi ya maelezo. Mkasi ukishapita, namba ya toleo inabaki kwenye kipande kingine, na kuanzia hapo hata mkaguzi mwenye bidii hawezi kujua kidonge kilitoka stoo gani. Ningekuwa mkaguzi ningeanza na mikasi.

Na watu wanaidharau kwa kuwa vitabuni inaitwa dawa dhaifu ya jamii ya afyuni. Kapsuli ya kawaida ni miligramu 50, na mtu mzima hatakiwi kupita 400 kwa siku. Ukizidisha, zaidi ya kulevya na kupunguza pumzi, inaweza kuleta degedege, kitu ambacho wengi hawakitarajii kwenye dawa ya maumivu. Hatari inapanda kwa mwenye kifafa, kwa mlevi, na kwa anayetumia baadhi ya dawa za sonona, maana tramadoli inagusa kemikali zilezile za ubongo.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mnipinge vizuri: mimi naona tubane hesabu ya dawa hizi, tusibane upatikanaji wake. Karibuni.

---

Mtoto wa Barabara ya 12

Sheikh umegusa penyewe. Hapa kijiweni kwetu kuna bodaboda hawezi kuwasha pikipiki mpaka ameze. Ukimuuliza anakwambia ni "za mgongo". Mgongo gani huo unaouma kwa mtu wa miaka ishirini na mbili?

---

Mvuvi wa Sahare

Kaka hapo juu, mgongo unauma kweli, usicheke. Sisi tunavua dagaa siku za giza, taa zinawashwa, nyavu zinavutwa mpaka alfajiri. Mwenzetu mmoja chomboni alipewa kapsuli na mtu wa chombo kingine, akaambiwa hii inaondoa uchovu. Na iliondoa, sisemi uongo, akavuta kamba kama mashine huku anaimba. Giza lililofuata moja haikutosha.

Kilichotufungua macho ni hiki. Mbalamwezi ilipoingia tukapumzika, hana fedha, hana kapsuli. Akaanza mafua, miayo, tumbo la kuendesha, miguu usiku haitulii, jasho na baridi. Kila mtu akasema malaria. Akaenda kupima, hakuna malaria. Akarudi kupima kwingine, hakuna. Siku hiyo jioni jamaa akamletea kapsuli moja ya "kumsaidia mwili", na haikupita muda mrefu akawa mzima, anaomba ugali. Baba yake, mtu mzima ambaye vijana wa mtaani kwake wameisha kwa unga, alimtazama akasema: hii si homa, hii ni arosto, mwili unadai dawa.

Ile familia haikuwa na teja hata mmoja. Ndiyo kwanza waligundua kwamba arosto inaweza kutoka kwenye boksi lenye nembo ya kiwanda.

---

Kipanga Mkali

Mnazunguka sana. Serikali ipige marufuku tramadoli yote, kodeini yote, mchezo umekwisha. Atakayekutwa nayo afungwe. Panadol inatosha.

---

Famasia wa Chumbageni

Kipanga, Panadol haimtoshi aliyevunjika paja.

Kuhusu marufuku, tuangalie waliotangulia. Nigeria mwezi Mei 2018 walisimamisha utengenezaji na uingizaji wa dawa za kikohozi zenye kodeini. Mwaka huohuo, Aprili, India iliiweka tramadoli chini ya sheria yake ya dawa za kulevya, kwa sababu kapsuli nyingi zilizokuwa zikifurika Afrika Magharibi zilitoka huko, nyingine za miligramu 225, kipimo ambacho hakuna daktari anayekiandika. Ilisaidia? Kiasi. Lakini kufikia 2025 India ikalazimika kufuta vibali vya vidonge vinavyochanganya tapentadoli na karisoprodoli, vilivyokuwa vimeshazagaa Ghana na Nigeria. Tapentadoli ni binamu yake tramadoli, na mwenzake ni dawa ya kulegeza misuli inayozoesha mwili. Wafanyabiashara walihama kidonge, wateja wakabaki walewale.

Tena tramadoli mpaka leo haimo kwenye orodha za mikataba ya kimataifa ya dawa za kulevya. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliipitia 2018 na hawakupendekeza iwekwe. Hawakusema haina madhara. Waliona kwamba kwenye nchi nyingi ambako mofini haipatikani, hiyo ndiyo dawa ya maumivu makali iliyobaki mkononi mwa daktari.

---

Nesi Zamu ya Usiku

Habari zenu. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, mikoa tofauti. Niwaambie yaliyomo ndani, maana watu wanafikiri hospitali dawa hizi zimekaa mezani.

Kuna kabati la DDA, yaani la dawa za kulevya zinazodhibitiwa kisheria. Kwa kawaida ni kabati ndani ya kabati, kufuli mbili, funguo anakaa nazo kiongozi wa zamu, na zinakabidhiwa kwa kuhesabu ampuli, vile vichupa vya dawa ya sindano, mbele ya anayeingia. Rejista yake haichanwi karatasi. Unaandika jina la mgonjwa, namba ya faili, dozi, saa, aliyeagiza, aliyechoma, aliyeshuhudia. Ampuli tupu unairudisha ndipo unapewa nzima.

Sasa wizi wa ampuli nzima ni wa mtu mjinga, atakamatwa asubuhi. Kinachovuja ni mabaki. Daktari ameandika pethidini miligramu 50, ampuli ina 100. Ile nusu inatakiwa imwagwe mbele ya shahidi na wote wawili wasaini. Usiku wodi imejaa, mko wawili, mwenzako yuko na mama anayetoka damu. Unamwaga peke yako, au unasema umemwaga. Saa kumi na mbili asubuhi mwenzako anasaini mstari ambao hakuuona, kwa sababu ni rafiki yake na ana basi la kuwahi.

Hospitali moja, siitaji na wala haipo mkoa huu, kulikuwa na muuguzi hodari sana wa kujitolea. Sindano za waliotoka upasuaji alizichukua yeye, zamu zisizo zake aliingia. Aliyemgundua hakuwa mkaguzi. Ni daktari kijana aliyeuliza kwa nini wagonjwa wa usiku wa fulani wanalia maumivu kuliko wa usiku mwingine, na karatasi inaonyesha wote wamechomwa dozi ileile. Waliokuwa wanachomwa walichomwa maji ya kuyeyushia dawa.

Yule dada alikuwa mgonjwa, sisemi alikuwa shetani. Lakini tangu hapo mimi nikiona rejista safi na wodi inalia, naamini wodi.

---

Mtoto wa Barabara ya 12

Nimeisoma mara mbili hiyo ya nesi. Kwa hiyo aliyepasuliwa ndiye aliyelipia.

---

Nesi Zamu ya Usiku

Ndiyo, kwa maumivu yake.

---

Binti wa Pongwe

Nasoma kimya tangu jana, leo naandika kwa sababu naogopa mnakoelekea.

Mama yangu ana saratani ya shingo ya kizazi. Alikuwa hapati usingizi. Tulikuwa tunamgeuza kwa shuka, watu wanne, na jirani anasikia. Watu wa hospisi ya Muheza, wale wanaotunza wagonjwa wasiopona, ndio walimwanzishia mofini ya maji. Kila baada ya saa nne, usiku anapewa dozi kubwa zaidi ili asiamshwe, na dawa ya kulainisha choo juu yake, maana inafunga tumbo. Siku ya tatu alikaa kitandani akaniuliza kwa nini sijasuka nywele.

Kabla ya hapo tulizunguka. Kuna mahali mhudumu alituambia waziwazi: "Hiyo ni dawa ya kulevya, sitaki matatizo." Hakuwa na ubaya na mama, alikuwa anaogopa kabati lake mwenyewe. Kwa hiyo kila mnaposema kubana, mjue kuna mtu kama yule anasoma na anapata sababu ya kukataa.

Na wizi wa nyumbani naujua pia. Chupa ya mama inakaa kwenye sanduku la kanga, ufunguo kiunoni kwangu, na kila jioni naweka mstari wa kalamu kwenye lebo mahali dawa ilipofikia.

---

Famasia wa Chumbageni

Binti, pole na mama, na ahsante. Hoja yako ndiyo iliyonifanya nifungue uzi, umeisema vizuri kuliko mimi.

Tume ya jarida la kitabibu la Lancet iliyotoa ripoti 2017 ilikadiria kwamba katika takriban tani 298.5 za dawa hizi zilizokuwa zikigawiwa duniani kwa mwaka, kwa kipimo cha mofini, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1. Kwa hiyo sisi tuna mambo mawili kwa pamoja: vidonge vinavyozagaa vijiweni na wagonjwa wanaogeuzwa kwa shuka. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 kuhusu dawa za kulevya, ambao watu wanautaja kama rungu, unatamka kwenye utangulizi wake kwamba dawa hizi hazina mbadala katika kutuliza maumivu, na nchi zihakikishe zinapatikana.

Kuhusu mstari wa kalamu: uendelee nao, ila peke yake hautoshi. Anayeiba dawa ya maji huwa anarudishia maji. Kimo kinabaki palepale. Dalili ni mgonjwa mwenyewe: maumivu yaliyokuwa yametulia yanarudi ghafla bila ugonjwa kubadilika. Ukiona hivyo usikimbilie kuongeza dozi, kwa sababu chupa ijayo ikija kamili, dozi uliyoiongeza itakuwa kubwa mno kwake. Piga simu kwa waliompa dawa, waeleze kama ulivyotueleza.

---

Mbongo wa Ohio

Niko Marekani, nachangia kidogo. Huku balaa lilianzia kwenye cheti. OxyContin, kidonge cha maumivu cha jamii ya afyuni, iliingia sokoni 1996, kampuni ya Purdue Pharma ikawaambia madaktari kwamba hatari ya uraibu ni ndogo. Mwaka 2007 kampuni ikakiri mahakamani kwamba iliipotosha jamii, ikalipa takriban dola milioni 600. Kidonge kilitengenezwa kutoa dawa taratibu kwa saa 12. Watu wakagundua ukikisaga unaipata yote kwa mara moja. 2010 wakatoa kidonge kisichosagika kirahisi, na wengi waliokwisha kunasa wakahamia heroini, baadaye fentanili, ndugu yake aliye mkali zaidi.

Jambo moja la kuwafaa nyinyi: tafiti za serikali huku zinaonyesha wengi wanaotumia vibaya vidonge vya maumivu hawavipati kwa muuzaji wa kona. Wanavipata kwa ndugu au rafiki. Kabati la bafuni la bibi. Ndiyo maana tangu 2010 kuna siku maalumu za kurudisha dawa zilizobaki, unapeleka hata kituo cha polisi na hakuna anayekuuliza jina.

---

Kipanga Mkali

Polisi? Peleka tramadoli polisi hapa uone utalala wapi.

---

Mbongo wa Ohio

Hahaha, hapo umenishinda.

---

Dirishani Kila Asubuhi

Mimi niko kwenye methadoni, dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa unga, pale hospitali ya Bombo. Zamani nilikuwa unga, siyo vidonge. Nimesita kuandika kwa sababu watu wakisikia methadoni wanasema serikali inagawa unga wa chupa.

Mnavyosema kubana hesabu, njooni muone dirishani. Unataja jina na namba, wanakuangalia usoni kama umelewa kitu kingine, unakunywa hapohapo mbele ya mtoa dawa, unakunywa maji, halafu anakuongelesha. Hakuongeleshi kwa mapenzi. Ukijibu, mdomo ni mtupu. Kuna watu, sehemu mbalimbali, hujaribu kuibana mdomoni wakaiteme nje wauze.

Na nani anainunua? Mtaani wanadhani ni mtu anayetafuta raha. Methadoni haina ile raha ya unga. Niliowajua wanaoinunua ni wenye arosto ambao kliniki imewashinda, hasa nauli. Mtu atoke Pangani au Muheza kila siku ya Mungu, kibarua atafanya saa ngapi? Ukimsogezea dirisha, soko la kutema linakufa lenyewe. Hiyo ni kinga kuliko kuongeza askari mlangoni.

Kitu kingine, na hiki nisomeni kwa makini. Ukikuta mtu kalala, kope ukizifunua mboni ni kama ncha ya sindano, anakoroma kwa mbali au pumzi inakuja moja moja, usimnyweshe maziwa. Tumepoteza watu kwa maziwa, yanaingia mapafuni. Mlaze ubavu, mwite, kimbiza hospitali. Kama hapumui, mpulizie pumzi mpaka msaada ufike. Kuna dawa inaitwa naloksoni, inaamsha haraka sana. Lakini yenyewe inaisha mwilini baada ya saa moja hivi, na methadoni inakaa zaidi ya siku nzima, kwa hiyo akiamka usimruhusu aende nyumbani, atazama tena usingizini. Na kwa wenye watoto: dozi ya mtu mzima ya methadoni kwa mtoto ni kifo, hata tone la kuonja usimwachie.

---

Nesi Zamu ya Usiku

Mwandike huyu juu kabisa ya uzi.

---

Mvuvi wa Sahare

Yule mwenzetu yuko vizuri sasa. Hakuacha kwa ghafla, daktari alimpunguzia kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na chombo kilimpa kazi ya pwani wakati huo. Kuna wengine walimcheka. Nahodha aliwaambia anayecheka ashuke.

---

Famasia wa Chumbageni

Mvuvi, huyo nahodha anatakiwa awe mwenyekiti wa mtaa.

Niliyokuwa nayafikiria kwa upande wetu wa famasi, baada ya kuwasoma: cheti cha kundi hili kibaki kwetu au kipigwe muhuri juu ya jina la dawa, siyo pembeni ambapo picha inaweza kukatwa. Famasi za mtaa mmoja tupigiane simu, maana anayezunguka anazunguka siku hiyohiyo. Tutoe cha siku chache, siyo cha mwezi, kwa jeraha la siku chache. Na mmiliki asipime mauzo ya muuzaji kwa dawa hizi, kwa sababu kijana wa kaunta aliyeajiriwa kwa kamisheni hatamuuliza mtu cheti. Hili la mwisho najua wamiliki humu hawatalipenda. Mwenye taarifa za wanaouza kwa jumla, namba ya DCEA ni 119, haina gharama.

---

Mke wa Makorora

Samahani nauliza swali la nyumbani. Baba mkwe amefariki, mwezi haujaisha. Ameacha chupa ya mofini ina kama nusu, na pakiti za tramadoli ambazo hazijafunguliwa. Mama mkwe yuko eda, dawa ziko chumbani kwake juu ya kabati. Kuna jirani ana mgonjwa kaja kuziomba, na mama anaona ni sadaka. Tumpe?

---

Famasia wa Chumbageni

Poleni sana, Mungu amrehemu mzee.

Msimpe. Siyo ubaya wa jirani, ila kile kipimo kilijengwa taratibu kwa mwili wa marehemu. Mtu ambaye hajazoea akinywa kipimo hicho anaweza kuacha kupumua usiku. Mgonjwa wa jirani aandikiwe yake, na mumwelekeze alikotibiwa mzee. Hiyo ndiyo sadaka.

Msimwage chooni wala msitupe jalalani. Vinarudi kote vilikotoka: mofini kwa waliompa, pamoja na kadi yake, tramadoli kwenye famasi au hospitali iliyotoa. Kwanza pigeni simu. Anayepeleka awe mtu mzima mmoja, na kabla hajatoka pimeni kilichomo na kuandika mbele ya wawili, aombe saini ya aliyepokea. Mpaka siku hiyo zitoke juu ya kabati ziwekwe kwenye kitu chenye ufunguo. Msibani wanaingia watu wengi.

---

Binti wa Pongwe

Dada, kama mzee alikuwa na watu wa hospisi, wale wanaotembelea majumbani, waulize wao kwanza.

---

Mke wa Makorora

Nimempigia nesi wake sasa hivi. Amesema tusihangaike na safari, atapita mwenyewe Alhamisi na daftari lake, na alitaka kuja kumpa mama pole vilevile. Jirani nimempa namba yake.

---

Famasia wa Chumbageni

Vizuri sana. Akifika mkumbusheni ahesabu na zile pakiti, asichukue chupa peke yake.